Kielezi

Jumatano, kipindi cha saba. Ukungu umeketi juu ya Newala
na mabati ya darasa yanatoka jasho la baridi.
Naandika ubaoni neno la herufi tano:
dully.
L mbili zimesimama kama milingoti ya goli lisilo na wavu.
"Tamkeni."
"Dali," wanaitika.
Nambole, dawati la mwisho, anaongeza silabi yake:
"Dalali!"
Kidato cha pili B kinavunjika mbavu,
maana madalali huku tunawajua kwa majina
na kwa mlio wa pikipiki zao.

Kamusi ya shule ni moja. Mchwa waliingilia C,
wakatokea F, wakashiba.
Basi maana naitoa kichwani:
ni kielezi, hueleza namna tendo linavyotendeka,
pasipo mng'ao, pasipo ladha, pasipo makali.
Nikaziangalia nyuso zao
nikajua nimelieleza neno
vilevile lisemavyo.

Nikarudi nyumbani, kwenye Kiswahili.
Mchuzi uliosahauliwa chumvi: chapwa.
Panga lililofyekea mikorosho msimu mzima: butu.
Kanga iliyofuliwa hata jina lake halisomeki: imechujuka.
Na jino lile la usiku, lisilochoma,
linalogonga tu, taratibu,
kama mtu anatwanga nyumba ya tatu,
hilo nalo huuma hivyo.
"Yote hayo neno moja, mwalimu?"
"Moja."
"Wabahili hawa," akasema Fadina,
na sikuwa na la kuwatetea.

Kazi ya nyumbani: kila mtu sentensi moja, kielezi kiwemo.

Usiku, taa ya sola ikikaribia kuzimika, nasahihisha.
Simba alitembea dully.
Simba alitembea dully.
Simba huyo, masikini, amepita madaftari kumi na tisa
akiburuta miguu, kutoka kwa aliyemtunga
hadi kwa wote walionakili.
Nambole ameandika: Mwalimu wetu anafundisha dully.
Nikampa tiki. Sarufi ni sarufi.

Halafu daftari la Somoe Chilumba,
ambaye tangu Januari sijaona kiganja chake hewani.
Mama anahesabu hela dully.
Nikapiga mkasi mwekundu, haraka.
Hela haihesabiwi hivyo, nilisema peke yangu.
Hela mtu huihesabu kwa furaha, kwa woga,
kwa kidole kilicholoweshwa ulimini.
Kalamu ilikuwa imeshafika daftari lililofuata
ndipo nikakumbuka mwezi.

Mwezi wa sita. Mikorosho haijatoa hata ua,
na mtu wa kangomba ameshapita na bakuli lake,
amenunua korosho ambazo hazijazaliwa,
kwa bei anayoijua yeye.
Nami nimewahi kukaa kwenye mkeka ule.
Mama yangu alihesabu kwa sauti iliyolala,
elfu sita, elfu saba, elfu nane,
kama anayeita mahudhurio ya watoto waliohama.
Hakurudia kuhesabu. Nusu ilikuwa ya sare zangu.
Nusu tulikuwa tumeshaila.

Wino mwekundu haufutiki.
Pembeni ya mkasi nikaandika: sahihi.
Vikabaki vyote viwili, vinatazamana.

Alhamisi nikaiweka sentensi ubaoni, bila jina la mwenyewe.
Somoe akatazama mikono yake.
Nambole akafungua mdomo, akaufunga.
Walioacha kuandika wakaacha wote kwa pamoja,
na nikasikia matone ya ukungu yakidondoka mabatini.
"Mwalimu," Fadina akauliza, "tukikitoa kielezi,
sentensi itasimama?"
"Itasimama. Kielezi huweza kutolewa."
Nikakifuta kwa kiganja, mbele yao.
Mama anahesabu hela.
Ilisimama.
Hakuna aliyeinakili.

Nje, mlinzi aliipiga kengele,
ambayo kwetu ni rimu la lori, lina ufa.
Ililia kama inavyolia kila siku.